Boksi la Spika la Mbao Halisi: Mwongozo Kamili wa Kulijenga Nyumbani Lisije Likapasuka

Boksi la kwanza la mbao halisi nililotengeneza lilipasuka. Si siku ile, wala wiki ile. Lilikaa sebuleni miezi mitano likisifiwa na kila aliyeingia, mpaka kiangazi kilipokolea. Usiku mmoja, spika zikiwa zimezimwa, nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Asubuhi ubavu wa kulia ulikuwa na ufa ulioanzia chini na kupanda karibu nusu ya urefu wake. Gundi haikuachia hata kidogo, iliyoachia ni mbao. Kosa lilikuwa langu: ndani nilikuwa nimegandisha rafu iliyolala kukata nyuzi za ubavu, na ubao ulipotaka kusinyaa haukuwa na pa kwenda.

Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kueleza nyuzi zinaelekea wapi kuliko kueleza mapambo. Ukipatia mwelekeo wa nyuzi, makosa mengine karibu yote yanarekebishika.

Kabla ya kununua ubao hata mmoja

Tuelewane jambo moja. Mbao halisi haifanyi muziki uwe mtamu zaidi. Gitaa linatakiwa liimbe, ila boksi la spika linatakiwa linyamaze liiachie spika iseme. Viwanda vinapenda MDF, yaani ubao wa kiwandani wa mbao iliyosagwa na kugandamizwa kwa gundi, kwa sababu haina nyuzi, haitanuki sana na haivumi ukiigonga. Mbao halisi ina ugumu mzuri kwa uzito wake, lakini ukigonga ubao mpana usioshikiliwa utausikia ukilia kwa sauti moja. Kuna njia mbili za kuunyamazisha. Ya kwanza ni ile iliyofuatwa na BBC katika spika yao ndogo ya LS3/5A ya miaka ya 1970: kuta nyembamba za plaiwudi ya mbetula, zilizobandikwa lami ndani ili zimeze mtikisiko. Ya pili, ambayo ndiyo tutakayoifuata, ni kuta nene zilizoimarishwa kwa ndani ili mtikisiko uhamie kwenye masafa ya juu na upungue nguvu.

Kwa nini basi tuhangaike? Kwa uzuri wake. Na pia kwa sababu mbao halisi inakubali kuviringwa kingo kwa randa bila kufunua kiini cha rangi nyingine, jambo ambalo, kama tutakavyoona, lina faida ya sauti pia.

Anza na spika, boksi lifuate

Watu wengi huchonga boksi zuri kwanza, kisha wakatafuta wufa (spika ya sauti nzito) ya kuingia ndani. Hiyo ni kushona kanzu kabla ya kumpima mvaaji. Kila wufa inayouzwa kwa ajili ya mafundi huja na karatasi ya vipimo vinavyotokana na kazi za Neville Thiele na Richard Small. Unahitaji vitatu: Fs (masafa ambayo koni hutikisika yenyewe), Qts (jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na kishikio cha koni).

Kwa boksi la kwanza nakushauri lililofungwa kabisa, lisilo na bomba la hewa. Linasamehe makosa ya ujazo, na hesabu yake ni fupi:

Ujazo = Vas ÷ ((0.707 ÷ Qts)² − 1)

Hiyo 0.707 ndiyo inayotoa besi iliyonyooka, bila nundu. Tuseme wufa yako ina Fs ya hezi 40, Qts 0.44 na Vas lita 28. Gawa 0.707 kwa 0.44 upate 1.607, ipandishe kipeo cha pili upate 2.58, toa 1, ibaki 1.58. Lita 28 ukigawa kwa 1.58 ni lita 17.7. Besi itaanza kushuka karibu na hezi 64, yaani 40 mara 1.607.

Ukitaka boksi lenye bomba, urefu wa bomba la mviringo kwa sentimita ni takriban 23,562 × D² ÷ (F² × V) − 0.73 × D, ambapo D ni kipenyo kwa sentimita, F ni masafa unayolenga na V ni ujazo kwa lita. Bomba la sentimita 5 katika boksi la lita 18 linalolenga hezi 45 litakuwa na urefu wa sentimita 12.5. Likate refu kidogo, kwa kuwa kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza.

Kuhusu krosova, yaani sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita (spika ya sauti nyembamba), sikushauri ubuni yako mara ya kwanza. Hesabu za vitabuni huchukulia kwamba spika yenye ukinzani wa umeme wa omu 8 ni omu 8 katika masafa yote, na si kweli. Tafuta mchoro uliokwisha kujengwa na kupimwa kwa wufa na twita hizohizo, na usibadilishe upana wa uso (ukuta wa mbele wa boksi) wala nafasi za matundu. Uso wa upana wa sentimita 24, kwa mfano, huanza kuipunguzia sauti msaada wake chini ya hezi 480 hivi, na aliyebuni krosova alikwisha kulizingatia hilo. Ukipanua boksi kwa sababu umepata ubao mpana, umeivuruga hesabu yake.

Vipimo vya mfano wetu

Ndani: upana 20, kimo 42, kina 24, vyote kwa sentimita. Ni lita 20.2. Ondoa kama lita 2 hadi 2.5 zinazomezwa na wufa, krosova, vipande vya kushikilia na fremu ya ndani, unabaki karibu na lita 18. Usifanye vipimo viwili vilingane, na boksi la mraba pande zote ndilo baya kuliko yote, kwani mawimbi yanayojirudia ndani hurundikana kwenye masafa mamoja.

Kuta ni mbao za milimita 20, hivyo nje tunapata upana 24 na kimo 46. Uso na mgongo ni plaiwudi nzuri ya milimita 18. Ndiyo, plaiwudi. Usinikasirikie, sababu inakuja.

Kuchagua na kupumzisha mbao

Ubao ukiwa mkavu bado haujatulia. Huvuta unyevu hewa ikiwa na maji na huutoa hewa ikikauka, ukitanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu hausogei kiasi cha kukusumbua. Ubao uliopasuliwa kwa ulalo, yaani ambao ukiutazama kichwani pete za mti zimelala, husogea takriban asilimia 0.25 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu. Unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 8, ubao wa sentimita 28 unapungua kama milimita 3. Ukiuzuia, utapasuka. Ubao ambao pete zake zimesimama wima kichwani husogea karibu nusu ya hapo, kwa hiyo ukiweza kuchagua, chagua huo hata kama michoro yake haivutii sana.

Mninga, msaji, mvule na mahogani zinasifika kwa utulivu, na mninga hasa husinyaa kidogo mno. Mwaloni ni mzuri ila husogea zaidi. Msonobari unafaa kwa kujifunzia, lakini ni laini na skrubu hulegea. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, basi vaa kinyago cha kweli, si kitambaa.

Mbao zikifika nyumbani, zipange ndani ya chumba zitakamotumika, ukitenganisha kila moja na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite pande zote. Kama huna kipima unyevu, chukua ubao mmoja, uupime uzito kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku tatu, na uandike. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimezoea chumba. Inaweza kuchukua wiki mbili au sita. Hapo ndipo subira hulipa, na ndipo wengi tunapoharakisha.

Nyuzi zizunguke boksi

Chukua mkanda wa karatasi, uchore mistari kwa urefu wake, kisha uukunje uwe umbo la boksi: ubavu, juu, ubavu, chini. Mistari inazunguka boksi bila kukatika. Hivyo ndivyo nyuzi zinavyotakiwa kukaa. Kwenye mbavu zinapanda juu, na kwenye kifuniko na sakafu zinakwenda kushoto na kulia.

Angalia kinachotokea. Kuta zote nne zikisinyaa, zinasinyaa kwa mwelekeo mmoja tu, wa kina, mbele na nyuma, zikiwa pamoja. Hakuna anayemvuta mwenzake. Kimo na upana wa boksi vinashikwa na urefu wa nyuzi, ambao hausogei. Sasa weka uso wa plaiwudi. Plaiwudi haisogei, na kingo zake zinagusana na mbavu kwenye mstari unaofuata nyuzi. Unaweza kuupaka gundi mzunguko mzima bila hofu.

Ungeweka uso wa mbao halisi wenye nyuzi zilizosimama, ungetaka kutanuka kushoto na kulia, huku kifuniko na sakafu zikikataa. Ndani ya msimu mmoja ama uso unapasuka ama kona zinafunguka. Anayetaka lazima mbele paonekane mbao halisi aongeze kibao chembamba juu ya plaiwudi, akipake gundi kwenye mstari mmoja tu wa katikati kutoka juu hadi chini, aache nafasi ya milimita 1.5 kila upande, na atoboe matundu ya spika yawe mapana kuliko fremu zake. Spika zifungwe kwenye plaiwudi, si kwenye kibao.

Sheria hiyohiyo inatawala kiimarisho cha ndani. Rafu iliyolala kati ya mbavu hukata nyuzi zake kwa kina chote, na ndiyo iliyoniua mimi. Badala yake tengeneza fremu ya plaiwudi iliyo kama dirisha, isimame sambamba na uso, ikigusa kuta zote nne. Kila inapogusa, inagusa kwa kufuata nyuzi. Usiiweke katikati kamili ya kina; iweke sentimita 10 nyuma ya uso, ili vipande viwili vya ukuta visitikisike kwa sauti moja. Kupunguza nafasi isiyoshikiliwa kunasaidia kuliko kuongeza unene: ubao wa unene uleule ukifupishiwa nafasi hiyo kwa nusu, masafa yake ya kuvuma hupanda mara nne.

Kukata na kuunga

Mbao za upana wa sentimita 28 ni adimu, na zikipatikana hujikunja. Unga tatu za sentimita 10 hivi. Nyoosha kingo kwa randa ndefu mpaka ukizisimamisha moja juu ya nyingine mwanga usipite. Paka gundi nyeupe ya mbao, bana kwa klempu juu na chini kwa kupokezana ili ubao usijipinde, na usikaze mpaka gundi yote ikatoka. Subiri saa 24 kabla ya kuupiga randa.

Kutoka ubao mmoja wa sentimita 150 utapata kuta zote nne kwa mfuatano: 46, 24, 46, 24. Ziandike namba kwa penseli upande wa ndani kabla ya kukata. Ukizivuruga, michoro ya mbao haitakutana kwenye kona na hutaweza kuirudisha.

Kona ni za digrii 45. Jaribu msumeno kwenye mabaki kwanza: kata vipande vinne, viunganishe, uone kama mraba unafunga. Kosa la nusu digrii kila mkato ni dogo kwa macho, lakini kona ya nne hulikusanya lote. Kwa mkono inawezekana pia. Kata nje kidogo ya mstari, kisha malizia kwa randa juu ya kigezo cha digrii 45.

Kufunga kona hizi kuna ujanja ninaoupenda. Panga kuta nne chali, uso wa nje ukiangalia juu, ncha zikigusana kwa mstari mmoja. Bandika utepe wa gundi wa kufungia maboksi juu ya kila kiungo, ukiuvuta. Geuza zote kwa pamoja. Sasa una mifereji mitatu ya umbo la V. Vichwa vya nyuzi hunywa gundi kama mchanga unavyonywa maji, basi paka tabaka jembamba, subiri dakika tano hadi kumi, kisha paka la pili. Kunja boksi, funga kiungo cha mwisho kwa utepe, pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo vikilingana, kona zako ni za mraba. Visipolingana, bana polepole ule mrefu.

Gundi ikishakauka, chonga kwa msumeno mikato miwili au mitatu kwenye kila kona kwa nje na uingize vibao vyembamba vya mbao ngumu. Vinashika kona kwa nguvu kuliko gundi peke yake, na vikiwa vya rangi tofauti vinapendeza.

Matundu ya spika

Toboa uso kabla ya kuuingiza. Ukitumia rauta (mashine ya kuchonga mbao) yenye mkono wa duara, chonga kwanza kile kidimbwi cha kulaza fremu ya spika, halafu ndipo ukate tundu lenyewe, kwa sababu ukilikata mapema sehemu ya kuzungushia inaondoka na wewe unabaki bila kitovu. Pima unene wa fremu ya twita kwa vernia (kipimo cha unene) na jaribu kina kwenye kibao cha mabaki. Twita iliyozama au kuchomoza milimita moja au mbili huharibu masafa ya juu.

Nyuma ya tundu la wufa, chonga ukingo kwa mshazari wa digrii 45. Kwenye plaiwudi ya milimita 18, tundu lisiloshazarishwa ni kama koni imefungiwa ndani ya kopo. Acha tu sehemu za skrubu na unene wake kamili.

Ingiza kwanza fremu ya dirisha, kisha gundisha vijiti vya milimita 20 kuzunguka ndani, vinne vya mbele na vinne vya nyuma, kila kimoja kikifuata nyuzi za ukuta wake. Halafu ingiza uso. Mgongo usiupake gundi. Ufunge kwa skrubu juu ya utepe wa sponji, maana siku moja utataka kuingia ndani.

Sasa piga randa kingo za mbele mpaka zilingane na uso, halafu uziviringe kwa nusu kipenyo cha milimita 15. Ukingo mkali huirusha upya sauti ya juu, ukaisikia mara mbili kwa kuchelewa kidogo. Mviringo huu haumalizi tatizo hilo, ila hulipunguza, na kwenye mbao halisi unatoka kwa randa na msasa tu.

Rangi: ndani kama nje

Piga msasa namba 120, 180, kisha 240, ukifuata nyuzi. Paka mafuta ya kitani, vanishi au shelaki, upendavyo. Lakini paka na ndani pia. Ukuta uliozibwa upande mmoja tu hubadilishana unyevu kwa upande mwingine, ukajikunja. Kwa ndani shelaki tabaka mbili inatosha. Inakauka haraka na inazuia mvuke vizuri.

Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa pipani. Yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji.

Kufunga na kusikiliza

Ziba viungo vya ndani kwa silikoni, na uache harufu ya siki iishe kabisa kabla ya kuingiza spika, kwani mvuke wake hula shaba. Funga krosova kwenye mgongo, mbali na sumaku ya wufa, koili zikikaa kwa pembe mraba moja kwa nyingine. Jaza pamba ya poliesta kwa wepesi, kama unavyojaza mto wa mtoto. Hewa iliyojaa pamba hufanya boksi lililofungwa lijione kubwa kidogo. Kwenye boksi la bomba, bandika pamba ukutani tu na uuache mdomo wa bomba wazi.

Toboa matundu ya kuongozea skrubu, na zisugue kwa sabuni zisikatike ndani ya mbao ngumu. Kisha jihadhari na bisbisi: sumaku ya wufa huivuta kwa ghafla, na ncha ikiteleza inatoboa koni. Funika koni kwa kadibodi na ushike shingo ya bisbisi kwa vidole. Nimeona wufa mpya ikifa hivyo kabla haijatoa sauti hata moja.

Gusa waya za wufa kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: chanya kwenye chanya, koni inatoka nje. Twita usiijaribu kwa betri. Halafu, kwa boksi lililofungwa, sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vilivyotanda, iachie. Ikirudi kwa uvivu, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, hewa inavuja, na mara nyingi ni kwenye tundu la waya au sponji ya mgongo.

Mwisho gonga kuta kwa fundo la kidole, kila mahali. Utasikia "to" fupi karibu na fremu na "tooo" ndefu kidogo mbali nayo. Panapolia sana, bandika kipande cha lami laini cha paa au cha gari kwa ndani. Lami hunyumbuka, hivyo haiubani ubao. Boksi langu la pili lilihitaji vipande viwili kila ubavu, na viangazi vitatu vimepita juu yake. Kina chake hupungua milimita mbili kila mwaka na kurudi mvua zikinyesha.